Jalala la Fundi Mitambo

Mtu akihama, majirani huanza kumpaka asali. Nimemsikia mmoja pale Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, akisema kwamba Fundi Mitambo alikuwa na ulimi mkali lakini moyo wake ulikuwa safi. Nilicheka peke yangu njia nzima. Nilipanda ngazi zake kwa miaka, na ulimi huo niliuona sana. Huo moyo safi labda aliufungia kabatini.

Ukoo wake waulizwe wanaoujua. Mimi namjua kuanzia mlangoni kwake, ghorofa ya juu ya nyumba kuukuu, mwisho wa ngazi za mbao ambazo alikuwa amezifunika magunia ili zisilie. Kuta za chumba alizibandika trei za mayai, dirisha akaliziba kwa godoro la sufi, na feni ilizimwa kabla hujafungua kinywa. Tuliimba mle huku jasho likituchuruzika hadi kwenye vifundo vya miguu. Mtu akijipepea kwa ncha ya leso, Fundi alisimamisha kazi.

"Ni nani huyo afuaye nguo?"

Mimi nilikuwa mwitikiaji katika kikundi cha taarabu ambacho mume wangu alikipigia kinanda. Siku za kazi mume wangu alikuwa karani bandarini, na zilizobaki zote zilikuwa za muziki. Vikundi vya kisiwani vilivyotaka kutoa kaseti isiyoaibisha vilikwenda kwa Fundi, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kurekodi sauti kama yeye. Hilo namkubalia. Kaseti iliyotoka kwake ulisikia kidole kikiuacha uzi wa udi. Za wengine ulisikia mvumo mtupu, na mtu akiimba kwa mbali kama aliyetumbukia kwenye pipa.

Masikio yale yalikuwa adhabu kwa mtaa mzima. Muuza kahawa alikuwa akipita chini akigonganisha vikombe, kama wafanyavyo wauza kahawa wote. Fundi alitoa kichwa nyuma ya godoro akammwagia beseni la maji.

"Fundi! Mimi natafuta riziki!"

"Itafute kimya!"

Kunguru aliwapiga kwa manati. Adhana hakuthubutu kuisema vibaya, ila alijua muadhini wa msikiti upi huchelewa na upi hukohoa kwanza, na kazi zake alizipanga baina yao. Halafu jioni mtu huyo huyo alikwenda zake ufukweni Mama Ngina, akanunua mihogo ya kukaanga, akakaa kwenye benchi katikati ya watoto wanaopiga makelele na redio zinazoshindana, akalala fofofo na karatasi ya mihogo kifuani. Nilimwona kwa macho yangu. Nilimuuliza siku moja inakuwaje. Akaniambia, "Kule si kwangu."

Alikuwa na mtindo wake ambao kila mwimbaji wa kisiwani aliuogopa. Mkimaliza kurekodi, alizima vyombo vyote, akaiacha sauti ya mtu mmoja peke yake, akaifungulia kwenye spika kubwa mbele ya wenzake wote. Hakuna fidla ya kukufunika wala ngoma ya kukushika mkono. Yeye aliuita kumwacha mtu peke yake. Sisi tuliuita kuvuliwa nguo.

Palikuwa na mzee mmoja aliyeimba kwenye harusi za mama zetu, mzee wa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito, mtu aliyeheshimika hata na watoto watukutu. Alikuja kurekodi nyimbo zake ili zisipotee. Fundi akamwacha peke yake.

"Sikiza, mzee wangu. Hapa ulitaka kupanda, hukupanda. Hapa umetetema. Hapa, sikiza vyema, hapa umelia kama mbuzi."

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo.

"Hilo haliwezi kutengenezwa, mwanangu?"

"Laweza. Nikikutoa."

Mzee alishuka zile ngazi zisizolia, nasi hatukumsikia akishuka. Hakuimba tena. Kwenye harusi ya mjukuu wake mwenyewe walimwomba sana, akawa anatikisa kichwa na kuonyesha koo lake kwa kidole. Nilipomwambia Fundi jambo hilo, alikuwa akisafisha vichwa vya rekoda kwa pamba na spiriti. Alisema mashine haikumwonea mzee haya, na yeye pia hakuona kwa nini amwonee.

Kwangu mimi hakuwa na maneno mengi. Mara ya kwanza kuniacha peke yangu alisikiliza ubeti mmoja tu, akauzima.

"Wewe bibie, uwe wafungua kinywa. Sauti bakisha."

Na hivyo ndivyo nilivyofanya. Katika kaseti zote za kikundi chetu mimi nimefungua kinywa. Wanawake walinisimamisha Biashara Street wakaisifu sauti yangu, nami nikawashukuru.

Mkewe alikuwa mtu wa Lamu, mpole, mcheshi, ila alipenda kulalamika, na ni nani asiyelalamika kwa mume kama yule. Walipogombana wakaitwa wazee wa pande zote mbili kusuluhisha. Fundi alikuja na rekoda. Alikuwa amemrekodi mkewe jikoni kwa muda mrefu, akakata vicheko, akakata "tafadhali", akakata kila mahali alipomwita "mume wangu", akaunga malalamiko tu, moja nyuma ya jingine, bila pumzi. Kazi yenyewe ilikuwa safi kabisa, wembe na utepe, huwezi kujua palipoungwa. Wazee walisikiliza wakainamisha macho. Mkewe alisimama akavaa buibui lake. Alirudi kwao Lamu wiki ile ile, na Fundi aliendelea kueleza watu jinsi kiungo kilivyokaa vizuri.

Kompyuta ilikuja mwishoni mwa miaka ya tisini. Aliiunga mwenyewe kwa vipande, vingine vya dukani, vingine vya vyuma chakavu kule Makupa. Kwanza aliiwekea ile programu ya madirisha, Windows, kama watu wote, akaitukana mwezi mzima.

"Yanikatia sauti katikati ya mstari, kisha yaniandikia kuniomba samahani!"

Halafu jamaa yake aliyefanya kazi melini akamletea gazeti la Ulaya lenye kisahani cha kompyuta kilichobandikwa kwenye jalada. Ndani yake mlikuwa na Linux, programu nyingine ya kuendeshea mashine. Kitu hicho hakuna aliyekijua Mji wa Kale, na nadhani hata maofisini hawakukijua. Tulichokijua sisi ni kwamba chumba kilifungwa masika yote. Kikundi kinangoja, kaseti ya Idi inangoja, na Fundi yuko ndani na kioo cheusi, anaandika amri moja moja, kwa sababu kadi ya sauti ilikuwa imekataa kusema. Mume wangu alimpelekea chakula akamkuta anakisuka upya kiini cha ile Linux, kazi ambayo mashine iliifanya kutwa nzima na mwisho wake ikasema imeshindwa. Akaanza tena. Siku kadi iliposema, ilisema "piii" tu, mlio mmoja. Fundi alilia machozi. Mkewe alipoondoka hakulia.

Tangu hapo alikuwa hashikiki. Sauti ilikuwa mistari ya kijani juu ya kioo, inapanda na kushuka, naye aliukata mstari mahali usipofika wembe, baina ya herufi na herufi. Stima ya Mombasa ikipotea, alikuwa na betri ya lori chini ya meza.

Hapa sasa nieleze jambo ambalo mpaka leo sijalielewa. Programu zile alizigawa bure. Kijana yeyote aliyegonga mlango na kusema anapenda muziki alipewa kisahani.

"Chukua. Haina mwenyewe. Nakili, umpe na mwenzio."

Kijana alirudi siku ya pili, mashine haiwaki.

"Kumeandikwa humo humo. Soma."

"Ni Kiingereza kigumu, Fundi."

"Basi kajifunze Kiingereza, kisha usome."

Mlango ukafungwa. Sijapata kumwona mtu mkarimu namna ile akawa mchoyo namna ile, kwa pumzi moja.

Sasa nifike kwenye harusi yangu, kwa sababu bila harusi hiyo nisingeshika kalamu kumwandika mtu huyu.

Mamangu hakumtaka mume wangu. Kwake alikuwa mtu wa Kwale, mpiga kinanda, aliyekuja mjini na sanduku moja. Mjomba wangu ndiye aliyesimama nikaozwa. Mama alikaa chumbani akasema maji yakimwagika yamemwagika, wala hakusema zaidi. Lakini usiku wa kupambwa alikuja, maana mama wa bibi harusi asipoonekana mji mzima utauliza. Alikaa kiti cha mbele, na kanga mpya.

Harusi za wanawake Fundi alizirekodi bila kuziona. Hakuna mwanamume aliyeingia pale, hata wapigaji vyombo walikuwa wanawake. Yeye alikaa uani kwa jirani, waya zikipita juu ya ukuta, na wanawake ndio waliosimamisha mikrofoni kama alivyowaagiza. Kwa hiyo aliwajua wanawake wote wa Mji wa Kale kwa sauti, wala hakumjua hata mmoja kwa sura. Ukipita njiani umejifunika buibui, ukimsalimu tu, alikuita kwa jina. Usiku wangu alitoa mikrofoni mbili, ya waimbaji na ya ngoma. Waya ya ngoma ilikuwa fupi, nao waliokabidhiwa wakaona mikrofoni ni mikrofoni, wakaisimamisha mahali ilipofika, kwenye viti vya mbele, vya wazee. Fundi alipiga makelele upande wa pili wa ukuta mpaka koo likakauka. Nani wa kumsikia?

Nami pia harusi yangu niliisikia tu. Bibi harusi hafungui macho. Nilikaa juu ya jukwaa nimeyafumba, mzigo wa dhahabu na asumini kichwani, nikiwa na jambo moja tu moyoni: mama atapiga kigelegele au hatapiga? Mama akipiga, ameridhia. Asipopiga, nimeolewa bila radhi, na radhi ya mama si kitu cha kwenda kununua mahali. Nikasikia, upande wangu wa kulia, kigelegele kirefu, cha juu, kilichoanza kabla ya vyote. Moyo ukashuka mahali pake. Shangazi zangu wakaniambia baadaye, ee, mamako kapiga.

Mama hakutia mguu nyumbani kwetu Tudor. Nilisema atakuja. Nilisema si alipiga kigelegele, hasira zitaisha. Alifariki kabla Ramadhani haijaingia, na hatukuwa tumekaa chini tukazungumza. Nilibakiwa na kanda ya harusi. Nilikuwa sijaisikiliza, niliogopa kulia, lakini nilijua kwamba mle ndani yumo.

Fundi alipopata kompyuta, mume wangu alichukua kanda ile akampelekea ili aihamishe, isije ikaliwa na unyevu. Alitaka kunifurahisha. Ilirudi kaseti mpya. Nikajikaza, nikaiweka.

Waimbaji walisikika kama wako chumbani. Fidla, kinanda, kila kitu. Lakini kigelegele hakuna. Hakuna mtoto anayelia, hakuna mtu anayecheka, hakuna anayesema jamani bibi harusi. Ilikuwa harusi ya watu walioketi kimya kama wagonjwa hospitalini. Nikapanda ngazi za Fundi bila hata kufunga buibui vizuri.

"Fundi, mamangu yu wapi?"

"Mamako yumo katika uchafu. Nami kazi yangu ni kuutoa uchafu."

"Nipe kanda yangu basi. Ile ya mwanzo."

Alionyesha kwa kidevu. Kanda ya harusi yangu ilikuwa rafuni, imeandikwa jina jipya. Kwaya ya watu wa reli, watu wa bara, walikuwa wamekuja kurekodi, naye kanda zilikuwa zimemwishia, akawarekodi juu ya harusi yangu.

Nilimtukana matusi ambayo sitayaandika. Alingoja nimalize. Halafu aliniambia kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza kunisikia nikitoa sauti kutoka tumboni.

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kuliko nilivyomchukia mtu yeyote. Mume wangu aliendelea kwenda kupiga kinanda chake, na mimi niliacha hata kule kufungua kinywa. Mama mkwe wangu alikuwa amehamia kwetu, mwanamke mchangamfu wa Kwale mwenye pengo la jino la mbele, akawa ananibembeleza. "Mamako yu moyoni, mwanangu, hayumo kwenye kaseti." Nilimjibu kwa ukali kwamba yeye hawezi kujua.

Kisha mume wangu akarudi siku moja na habari. Fundi anahama, nyumba imeuzwa, anakwenda Malindi kwa dadake. Na kuna jambo jingine. Mashine, alinieleza, huwezi kuiambia itoe uchafu ikakuelewa. Haijui uchafu ukoje. Lazima uikatie kipande chenye uchafu mtupu, iusome, ndipo iende kuufuta kwingine. Vipande hivyo Fundi alikuwa akiviweka. Nyimbo zilipokwenda kwenye kaseti alizifuta kwenye mashine ili apate nafasi, lakini uchafu hakuufuta. Miaka yote ya vikohozi, milango, feni na vigelegele vya Mombasa imo mle. Mahali penyewe amepaita jalala.

Nilikwenda baada ya alasiri. Trei za mayai zilikuwa zimebanduliwa, ukuta una madoa. Godoro lilikuwa limetolewa dirishani, na makelele yote ya mtaa yalikuwa yakiingia ndani, mikokoteni, vikombe vya kahawa, naye amekaa tu katikati yake.

"Masalkheri, Fundi."

Hakugeuka. "Mumeo bado apiga kama mtu aliyevaa glavu?"

"Nimemfuata mamangu. Nasikia yumo kwenye jalala lako."

Aliandika amri. Kioo kikajaa majina. Akaandika nyingine, na kile kigelegele kikatoka kwenye spika, kirefu, cha juu, vilevile nilivyokisikia nikiwa nimefumba macho. Nilishika ukingo wa meza.

"Ndiye! Ndiye huyo!"

"Siye," alisema Fundi. "Huyo ni mkweo. Sikiza mwisho wake. Pumzi yatokea kando, penye pengo."

Akakirudisha. Ilikuwa kweli, pumzi ilitokea kando.

"Na mamangu?"

"Mamako hakupiga."

"Watu walisema alipiga!"

"Watu walikuwa wakikutazama wewe. Mimi n'likuwa n'kisikiza."

Hakuniuliza kama nataka kuendelea. Alibonyeza. Nilisikia viti, bangili, na mwanamke mmoja akicheka karibu sana na mikrofoni: "Haya, mama harusi! Mwanao huyo atolewa! Piga!" Kisha kikohozi kidogo, kile alichokohoa mama kila alipotaka kusema jambo. Kisha mama mwenyewe, taratibu, kwa ile sauti yake ya kuagizia samaki.

"Mimi sikuya kuoza. N'meya kuzika."

Kipande kikaisha hapo. Chini mtu alikuwa akibishana na hamali kuhusu kabati. Nililia, na Fundi akangoja, kama alivyongoja siku ile ya matusi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ile uliniuliza yu wapi. Nikakwambia. Hukuniuliza alisemani."

Nilifuta uso kwa buibui. Nikamwambia arudishe. Akarudisha. Nikamwambia tena. Nilikisikiliza kile kikohozi, na jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kunizika, na bangili zake alipoweka mkono mapajani. Sikuwa na sauti nyingine ya mamangu duniani.

"Nitilie kwenye kaseti."

"Niutoe mvumo wa feni?"

"Usiguse kitu."

Alinitilia. Alipokuwa akinipa, ndipo aliponitazama, nadhani mara ya kwanza tangu tujuane.

"Sauti nzuri alikuwa nayo mamako," akasema. "Wewe hukuirithi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alikwenda Malindi, na sijui alifika na masikio yake au aliyatupa njiani.

Nilirudi Tudor na kaseti ndani ya mkoba. Mama mkwe wangu alikuwa barazani anachagua mchele, sinia mapajani. Aliniona macho mekundu, akasimama, mchele ukamwagika.

"Umempata mamako?"

Mume wangu alikuwa ametokea mlangoni, naye akingoja jibu. Nikasema nimempata.

Mama mkwe wangu akatupa mikono juu, akanipigia kigelegele, kirefu, cha juu, majirani wakachungulia madirishani kuuliza kuna nini. Nilisimama pale na mkoba wangu nikakisikiliza mpaka mwisho, mpaka pumzi ilipotokea kando.